Njugu za Ukurasa wa Tisini na Saba

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Leo nimekuwa programa wa kompyuta. Saa nne asubuhi sikuwa. Saa tano nilikuwa.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa Ushirika wa Maziwa wa Kyeni, nyuma ya soko la Machakos. Programa anatakiwa. Uzoefu si lazima, atakayefaulu mtihani atafundishwa kazi. Mtihani Jumatatu tarehe 19. Ati uzoefu si lazima! Mimi Onesmus si mjinga. Huo ni mtego wa kunasa wavivu. Kwenye barua nimeandika: Uzoefu, miaka mitatu. Kompyuta nimeishika mara moja tu, nikisaidia kuiteremsha kwenye pikapu. Lakini niliishika vizuri.

Jioni Shangazi Kamanthe, ambaye ninaishi kwake, akaniambia baba ametuma ujumbe kutoka kijijini Kalama. Matuta ya shamba lazima yachimbwe kabla ya mvua ya Novemba. Kenyatta Day, tarehe 20, ikinikuta bila kazi, niende nikashike jembe. Ngai! Shamba lenyewe ni mlima mzima! Mgongo ulianza kuniuma nikiwa bado mezani.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepata kitabu cha kuprogramu kwa muuza mitumba ya vitabu. Bei ya kutupa. Kufika nyumbani, kumbe ni nusu! Kinaishia ukurasa wa 96. Nikarudi mbio na hasira. Yule mzee hakushtuka hata kidogo. Akasema nusu ya nyuma alimpa Ndila, muuza njugu wa langoni mwa soko, ya kufungia.

Nikamkuta Ndila ameketi kando ya beseni lake, anasoma ukurasa. Akaumaliza, akaukunja kama pembe, akamimina njugu. Mungu wangu, ukurasa wa 97! Nikamwomba anipe karatasi zote. Akakataa kwa adabu. Aliniuliza kama nataka awapimie watu njugu viganjani. Ninunue kama wengine.

Nimenunua pembe nne. Nimepata kurasa 97, 131, 110 na nyingine iliyoloa chumvi hadi haisomeki. Haba na haba hujaza kibaba.

Nusu ya mbele sijaifungua. Kitabu kisicho na mwisho unakianzaje?

Alhamisi, 8 Oktoba

Mashindano! Henry Njogu naye ameomba kazi ile. Henry ni mtoto wa mwenye duka la misumari. Amesoma kompyuta wiki sita, sasa anatembea na disketi kwenye mfuko wa shati, ionekane. Amenisalimu kwa Kiingereza. Nikamjibu kwamba miaka mitatu niliyofanya kazi hii sikuwahi kuona programa wa kweli akibeba disketi kama kitambulisho. Akaisukuma disketi ndani zaidi mfukoni. Nilifurahi sana.

Furaha ikaisha saa tisa. Nilimwona Henry akila njugu! Ukurasa wa 104, mkononi mwake! Alimaliza njugu, akapangusia viatu. Nilimfuata hadi stendi niuokote, upepo ukanitangulia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimefanya biashara ya akili. Ndila ameniomba nimwazime ile nusu ya mbele. Ati amesoma hizi za nyuma na kuna mambo hayaelewi, kwa sababu hajui yanaanzia wapi. Nilicheka hadi nikapaliwa. Muuza njugu anataka kompyuta! Nikamwambia sawa, achukue kabisa, lakini asimuuzie Henry karatasi ya kitabu. Henry afungiwe kwa gazeti. Akakubali papo hapo, akaniongezea na pembe mbili za bure.

Maskini, hajui hata kupatana bei. Amepewa mavumbi, mimi nimebaki na siri zote.

Jumanne, 13 Oktoba

Pembe kumi na moja leo. Tumbo linaunguruma kama mashine ya kusaga. Kurasa ninazo thelathini na sita, zote zina mafuta. Nimezitandika chini ya godoro zinyooke. Shangazi amelalamika kwamba chumba kinanuka duka la njugu. Akauliza kama nimesoma hata mmoja. Nikamweleza kwamba kwanza unakusanya, halafu unapanga, kusoma ni mwisho. Akatikisa kichwa. Watu wa zamani hawajui utaratibu.

Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani nimeomba maombi ya pekee. Pasta akatangaza mbele ya watu wote kwamba ndugu Onesmus ni mtaalamu wa kompyuta. Wamama wakapiga makofi. Nilisimama nikapunga mkono. Kuketi tu, nikaanza kuhesabu saa zilizobaki. Nilijaribu kusoma baada ya chakula. Ukurasa wa 131 unasema nirejelee ukurasa wa 12. Wa 12 anao Ndila. Nikalala.

Jumatatu, 19 Oktoba

Siku ya mtihani. Katika ushirika huu, chumba cha kompyuta huingii na viatu. Wanasema vumbi la Machakos ndilo linaloleta virusi. Nilipovua, kidole gumba kikachungulia soksini. Nikakikunja ndani, nikaingia nikichechemea.

Mlangoni nilimkuta Ndila. Nikajua ameleta njugu. Nikamkabidhi viatu vyangu aviangalie, nikampa na ushauri wa bure kwamba wateja wataanza kutoka saa sita. Akasema asante. Akaviweka viatu vyangu kando ya vyake na kuingia nyuma yangu! Akaketi kwenye kompyuta! Sikuamini macho yangu. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Aibu ya mwenzio usiicheke.

Madam Wagaki, meneja, akatupa swali. Kila mwanachama ana namba kwenye mtungi wake wa maziwa. Tuandike programu ya kuchapisha namba zote, kuanzia moja hadi elfu moja mia mbili. Rahisi! Henry akaingiza disketi yake. Ndani mlikuwa na mchezo wa karata tu. Mimi sikupoteza wakati. Chapisha moja. Chapisha mbili. Chapisha tatu. Vidole vilikuwa moto!

Ndila aliandika mistari mitatu akaacha. Mitatu! Akaketi akinitazama. Ilipofika saa sita nilikuwa kwenye namba 614, jasho linanitoka, hakuna aliyenikaribia. Nina hakika nimeshinda.

Jumanne, 20 Oktoba, Kenyatta Day

Sikukuu, lakini majibu yamebandikwa. Ndila.

Nikasoma tena. Ndila!

Nilimkuta Madam Wagaki akifunga ofisi, nikadai maelezo. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Ukitaka kompyuta irudie jambo, unaliandika mara moja tu, halafu unaiambia izunguke hadi namba ya mwisho. Nikamwambia huo ni uvivu. Akasema pia kwamba nafasi zilikuwa mbili. Angenichukua anifundishe pamoja na Ndila, kwa vile nilikuwa na bidii kuliko wote. Lakini mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu ambaye bado anaandika namba moja moja, huyo atafundishwa nini tena? Laiti ningeandika kwamba sijui kitu.

Niliketi kwenye ngazi za ushirika hadi jua likanichoma. Imeniuma. Nimelia kidogo, lakini kulikuwa na vumbi.

Nyumbani Shangazi alikuwa amenifungia mfuko. Juu yake, jembe jipya.

Alhamisi, 29 Oktoba

Niko mjini bado! Jembe limeenda Kalama peke yake. Ndila ameniachia beseni, jiko na kituo chake cha langoni, na Shangazi amekubali kwamba kazi ni kazi. Baba hajakubali, lakini baba yuko mbali.

Ndila hupita hapa kila asubuhi akienda ushirika. Ameninong'oneza kwamba Madam Wagaki bado anatafuta mtu wa ile nafasi ya pili. Akanirudishia nusu ya mbele, akanisihi nisome kila ukurasa kabla ya kuukunja. Nikamwomba asinifundishe biashara. Mteja anasubiri, mimi nisome?

Leo nusu hiyo imekaribia kwisha. Kuna ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa mshale unaozunguka na kurudi palepale ulipotoka. Sijui ni wa nini. Umekunjika vizuri sana. Nimemfungia Henry, naye akasimama hapo akiutazama hata njugu zikapoa.

Jioni yule mzee wa mitumba ameniletea karatasi nyingine. Ni nusu ya nyuma ya kitabu cha kuendesha ndege! Yote inahusu kutua. Kupaa haimo, lakini kila mtu anajua kazi ngumu ni kutua.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeandika barua ya kuomba urubani usiku huu huu.

Uzoefu: miaka mitatu.