Jiko Halitawashwa Hadi Mama Arudi

Jumatatu, 7 Agosti 1989

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Bi. Phyllis, ametuagiza tuandike shajara likizo nzima. Alisema shajara isiyosema kweli ni kupoteza wino. Basi naahidi: nitaandika yote, hata yatakayoniaibisha. Naitwa Kaari. Niko Kidato cha Pili. Kwetu ni Kaaga, mjini Meru.

Mama ameondoka asubuhi kwenda Maua. Dada yangu Ntinyari amejifungua mtoto wa pili na hana msaidizi. Mumewe, Mithika, ni mtu wa miraa. Mchana analala, usiku anaikimbiza Nairobi kwa pikapu. Baba yuko kazini Isiolo hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ni yangu! Na wadogo zangu ni wangu pia: Bundi wa miaka sita na Igoki wa minne.

Mama alisema hivi akiwa mlangoni: akirudi akute watoto wamenenepa na nyumba ina amani, nitaenda Kiambere. Akikuta mengine, nitabaki kukata majani ya ng'ombe. Kiambere! Darasa la Jiografia linaenda kuona bwawa la umeme tarehe 29. Jirani yetu Felicitas, tunayesoma naye darasa moja, amesharuhusiwa. Ameniambia nisijali. Atakaa dirishani, na akirudi atanisimulia jinsi maji yanavyoonekana.

Nina mpango. Muhula uliopita mgeni alikuja darasa la Sayansi Kimu akatuambia kwamba moto unaua chakula. Mboga ikichemka, uhai wote unapanda na mvuke. Ndovu, nyati na kifaru hawana sufuria, akasema, na tazameni miili yao. Tangu siku hiyo sijatulia. Kwa hiyo jiko letu halitawashwa hadi Mama arudi. Watoto watakula vibichi, watang'aa. Nami nitapata muda wa kusoma.

Jioni: karoti, kabichi, parachichi, ndizi mbivu. Bundi alikula, akanawa mikono, akarudi kukaa mezani. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja chakula.

Jumanne, 8 Agosti

Niliamka kabla ya jogoo. Nikakoroga unga wa uji kwenye maji baridi. Igoki alisema ni matope. Nikampelekea mbuzi. Akanusa, akarudi nyuma.

Lakini wazo kubwa huja baada ya dogo kuanguka. Yule mgeni alisema nafaka iliyoota ndiyo yenye uhai kuliko vyote. Na ghalani tuna wimbi! Nimelowesha ndoo nzima. Baadaye nimelitandaza nyuma ya ghala, nikalifunika kwa majani ya mgomba na gunia. Nimeenda kuangalia. Halijaota. Nimerudi nyumbani, nimesoma ukurasa mmoja wa Jiografia, nimeenda tena. Bado.

Juju, mama yake Baba, ambaye nyumba yake iko chini ya migomba, alipiga kelele kuuliza mbona jiko letu halitoi moshi. Nikamjibu kwamba tumelipumzisha. Akarudi ndani polepole. Juju akiacha kuuliza, mimi huanza kujikuna.

Alhamisi, 10 Agosti

Limeota! Kila punje ina kimkia cheupe. Nimeondoa gunia, nimelianika juani likauke kidogo.

Kisha nikafanya kosa la kisayansi. Kila mtu anajua nduma mbichi, kile kiazi cha mtoni, inawasha. Lakini nani amewahi kujaribu? Wote wanasikia tu. Nikasema mwanasayansi hujijaribu mwenyewe kwanza, nikamenya kipande, nikatafuna.

Inawasha.

Sina maneno mengine. Ulimi ulijaa mdomo, midomo ikavimba, machozi yakatiririka. Nilikuwa nakimbilia mtungi wakati Mzee Thuranira alipotokea njiani na fimbo yake. Ni ami yake Baba na ndiye mkubwa wa ukoo. Akasimama. Akalitazama wimbi langu kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akauliza tunatarajia wageni gani. Nikainamisha kichwa. Akauliza kama ni yule wa Maua, na kama ndiye Mama amemfuata. Nilitaka aende ili ninywe maji. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama ni Jumamosi ya wiki ijayo Mama atakaporudi. Nikatikisa tena.

Akasema, "Hivyo ndivyo binti wa watu hufanya. Haulizwi habari za mahari akaanza kubwabwaja."

Akaondoka. Fimbo aliibeba begani, hakuigusisha chini.

Mahari ya nani? Sikuelewa. Nilikuwa kichwa ndani ya mtungi.

Jumamosi, 12 Agosti

Wimbi limetoweka! Lote! Nilimshuku mbuzi. Kumbe ni Juju amelichukua. Aliniambia nimeanza vizuri, sasa niwaachie wakubwa. Nilifurahi sana. Katika umri wake, Juju ameanza kula vibichi!

Jambo la ajabu tu, sasa anafunga mlango wake kwa kufuli.

Watoto wananenepa. Si mawazo yangu. Mashavu ya Igoki yamejaa, na midomo ya Bundi inang'aa jioni utadhani amepakwa mafuta. Karoti! Hawalalamiki tena. Saa kumi na moja hukimbia kwenda kucheza kwa Juju, wakirudi hula kabichi majani mawili wanashiba. Matumbo yao yamekuwa madogo na yenye nidhamu.

Niliahidi yote, basi yote: Felicitas alipitisha chapati moto juu ya ua akaniuliza kama najua hii ni nini. Nilikula mbili. Ilikuwa ili kulinganisha.

Jumatatu, 14 Agosti

Jana kanisani, kabichi ya Bundi ilijitangaza wakati wa maombi ya kimya. Mara tatu. Shule ya Jumapili ilivunjika. Leo nimepunguza kabichi.

Lakini hilo si kitu. Felicitas amekuja na habari kubwa. Sokoni watu wote wanasema Mithika analeta mahari Jumamosi. Nikamwambia hakuna kitu kama hicho. Tangu amchukue Ntinyari, watoto wawili sasa, Mithika hajaleta hata mbuzi mmoja. Hajawahi kuingia lango letu. Hupiga honi barabarani, hushusha mtu, huondoka kabla vumbi halijatulia, maana mkwe ambaye hajaleta kitu hana kiti kwa wakwe zake. Na Mama? Mtu akimuuliza habari za Ntinyari, huanza kufagia mahali palipo safi.

Felicitas akanitazama kama mgonjwa. Akaniuliza, wimbi linalooteshwa likaanikwa ni la nini. Nikasema ni la afya. Akasema ni la marwa. Ni pombe ya wazee. Hakuna nyumba inayootesha ndoo nzima ya wimbi bila kungoja watu wa mahari, na mtoto wa kuzaliwa Meru hahitaji kufundishwa hilo. Mtoto wa kuzaliwa Meru labda. Mimi nina mama mwenyekiti wa akina mama kanisani. Pombe kwetu haitajwi hata kwa jina!

Basi nimeua amani ya nyumba. Wazee watakuja, Mithika hatakuja, Mama ataaibika mbele ya ukoo na kanisa kwa siku moja. Kiambere kwaheri.

Nilikimbia kwa Juju nikamweleza yote: mgeni wa Sayansi Kimu, ndovu, nduma, kutikisa kichwa. Alicheka hadi akashika ukuta. Nikamwambia sasa tuwatume watu wawaambie wazee kwamba Mithika hajui lolote.

Juju akasema, "Kama hajui anakuja, atajua akifika."

Akanifungia mlango. Kulikuwa na harufu ya uchachu huko ndani.

Alhamisi, 17 Agosti

Sikai, sisimami. Nimefagia uwanja mara mbili na kuku wanachekelea.

Leo nilijipa moyo nikaenda kwa Mzee Thuranira kumwambia kweli. Nilimkuta nje, amekalia mkeka, anapaka kigoda chake mafuta. Koti lake jeusi lilikuwa limeanikwa. Kabla sijafungua kinywa, aliniambia ameshawaarifu wazee wengine watano, na kwamba kila usiku amekuwa akijiuliza kama atakufa kabla ya kumwona kijana yule akiketi chini aongee kama mtu. Akanipa ndizi.

Nikaila. Nikarudi nyumbani. Mwoga mkubwa mimi.

Bundi amekuwa mzito kiasi kwamba siwezi kumbeba. Hiyo ndiyo faraja yangu. Igoki alikuwa na haragwe limekwama kwenye sweta. Limepikwa. Sijui limetoka wapi. Upepo labda.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika haraka kabla sijasahau hata neno.

Saa nane wazee walifika. Wakaweka vigoda langoni. Hawakuingia, hawakuondoka. Nikaona si adabu kuwaacha hivyo hivyo, nikawapa nilichokuwa nacho: kabichi iliyokatwakatwa, karoti na limau. Mzee Thuranira alitafuna kwa muda mrefu. Akasema mpishi amesahau kitu fulani. Wengine walilisha mbuzi wakidhani sioni.

Saa tisa, honi. Pikapu ya Mithika. Mama akashuka na mzigo wake, na Mithika hakuzima injini. Alikuwa ameshaanza kugeuza gari alipoona wazee sita wamesimama nyuma yake, barabarani, na vigoda vyao.

Alitoa kichwa dirishani kwa heshima. Akawaamkia. Akasema wazee wamsamehe, lazima arudi Maua, miraa inakatwa jioni na haingoji mtu.

Mzee Thuranira akasema, "Miraa inaharibika kwa siku mbili ndiyo maana unaikimbiza. Msichana wetu umemweka miaka minne. Zima gari."

Mithika akazima gari.

Sijawahi kuona mtu mkubwa akiingia lango polepole hivyo. Kofia mkononi. Juju alikuwa amekwisha kumwekea kiti, kile cha Baba! Alimwita mkwe wangu, akamuuliza mtoto amefanana na nani, akamlainisha kabisa. Kisha akatoka nyumbani kwake na kibuyu.

Mama akakiona kibuyu. Akakaa juu ya mzigo wake.

Akauliza kwa sauti ndogo, ile mbaya kuliko ya kupayuka, ni nani aliyepika pombe nyumbani kwa mwenyekiti wa akina mama. Watu wote wakanigeukia. Hata mbuzi.

Nikasema ukweli mtupu: "Mama, tangu uondoke, humu ndani hakujapikwa kitu chochote."

Mama aliinuka, akaingia jikoni. Akagusa mafiga. Akachungulia sufuria. Akatoka akamwinua Igoki, akampima kwa mikono, akamwinua Bundi, akashindwa. Akatazama watoto, akatazama majivu ya tangu alipoondoka. Akasema kichwa kinamuuma. Akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijaliona maishani mwangu, akafunga dirisha la upande wa wazee. Akaniambia asichokiona hawezi kukiombea msamaha.

Jioni ilipofika, Mithika alikuwa ameahidi mbuzi wanne mwezi ujao, na ndama, na kwamba atamleta Ntinyari na watoto kwa mlango, si kwa barabara. Alisema mwenyewe, bila kusukumwa tena. Nadhani alisikia nafuu. Mzee Thuranira alimshika bega akamwambia sasa anaweza kuikimbilia miraa yake.

Mithika alipokuwa akiondoka nilimwona Mama dirishani. Alikuwa amefungua kidogo tu. Hakuwa anafagia.

Jumapili, 20 Agosti

Mkutano wa nyumbani baada ya kanisa. Mimi katikati.

Juju alieleza yote. Alisema watoto walikuwa wakila kwake muthere wa mahindi na maharagwe kila jioni, na Jumamosi ile ya kwanza aliwachinjia jogoo. Bundi alikubali bila haya yoyote. Alisema kabichi yangu alikuwa akila ili nisilie.

Nimelifikiria sana. Juju hajasoma Sayansi Kimu. Watoto walikula kwake jioni, ndiyo. Lakini asubuhi na mchana walikula kwangu! Na mwili hujengwa mchana, ukiwa unatembea. Muthere ulipita tu juu ya msingi wa karoti. Isitoshe, bila chakula kibichi hakungekuwa na wimbi, bila wimbi hakungekuwa na wazee, na bila wazee hakungekuwa na mbuzi wanne. Nimejaribu kumweleza Mama hesabu hiyo. Aliinua mkono nikanyamaza.

Kisha akasema, "Utaenda Kiambere, Kaari. Nyumba hii nayo inahitaji likizo."

NINAENDA! Nilizunguka nyumba mbio. Nikamwambia Felicitas juu ya ua, kwa upole, kwamba tutakaa pamoja dirishani.

Mama ametoa sharti moja: nitabeba chapati zilizopikwa na yeye, mbele ya macho yake. Sawa. Lakini hakusema lolote kuhusu darasa zima. Safari ni ndefu, chini kule ni joto, na chakula kilichopikwa huchacha. Wanafunzi arobaini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja uhai! Bi. Phyllis mwenyewe atakuja. Nimeshapata debe.

Usiku huu namwandikia binamu yangu Celina, upande wa Mama, ambaye kwao ni Mbeere karibu na bwawa lenyewe na wanalima ndengu tele. Nimenakili hapa mwisho wa barua ili nisisahau nilichouliza:

Mpendwa Celina, nijibu kwa posta ya kwanza, usichelewe hata siku moja. Mkiniwekea debe moja la ndengu zilizoloweshwa, zitakuwa zimeota kufikia Jumanne ya tarehe 29, na huko kwenu, wazee wakiziona zimeota, huwa wanadhani ni nini?