Kilomita Mia na Themanini Nisizozihitaji

Giakanja, Tetu
Jumatano

Ndugu Mhariri,

"Herufi iliyo ubavuni mwa tairi inaonyesha mwendo ambao tairi hilo limejengwa kuuhimili. Unapobadilisha matairi, usishuke chini ya herufi iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva." Hayo ni maneno ya Fuad Hamdan, muuza matairi wa mjini Nyeri, katika ukurasa wako wa tisa Ijumaa iliyopita. Nimeyasoma mara nne, mara mbili nikiwa nimesimama. Ni maneno ya hatari, na kwa kuwa wewe umeyapa heshima ya kuyachapisha, nyumba yangu inatikisika.

Jumamosi hii tunapeleka ruracio, yaani mahari, ya mwanangu Theuri huko Kangari. Ni msafara wa magari matano. Kwetu gari la wazazi wa kijana hutangulia, nao hushuka pamoja langoni huku wakwe wakitazama. Lakini mke wangu Nyawira alipomaliza kusoma makala ya Fuad alivaa miwani, akatoka uani, akainama kando ya gari letu, kisha akarudi akiwa ameandika herufi kwenye kiganja.

"Baba Theuri," akasema, "hii ni Q. Mlango unasema S. Kwani miaka hii yote umekuwa ukinibeba na Q?"

Nilimweleza kwamba Q ni herufi kama nyingine. Akajibu kwamba Jumamosi atapanda gari la jirani yetu Kinyua, ambaye amenunua S kwa Fuad na siku hizi anatembea kama mtu aliyebatizwa mara ya pili.

Hebu fikiria, Mhariri. Mama wa kijana anashuka kutoka gari la mwanamume mwingine, mbele ya lango la wakwe. Watu wa Kangari huchuma majani chai mawili mawili na kuliacha la tatu. Jicho la namna hiyo haliwezi kukosa kuona jambo kubwa kama hili. Watakuwa wameulizana kabla hatujapewa uji.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Fuad anasema Q ni kilomita mia na sitini kwa saa, S mia na themanini, T mia na tisini na H mia mbili na kumi. Namuuliza swali moja: wapi? Kutoka kwangu hadi mjini kuna matuta, kuna ng'ombe wa watu, na kila mara kuna lori lililotangulia. Mwendo wangu mkubwa kabisa maishani ni themanini na nne, tena nilikuwa nimechelewa kwenye mazishi ambapo mimi ndiye niliyepaswa kusoma historia ya marehemu. Ina maana hata hiyo Q inayodharauliwa imenibakishia kilomita sabini na sita ambazo sijazigusa. Mtu mwenye magunia sabini na sita ghalani anashauriwaje aongeze ishirini?

2. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na miwili. Fuad ana chati ukutani, nami niliisoma kwa sauti mbele ya wateja wake: Q, R, S, T, U, kisha H, kisha V. Nikamuuliza H imefuata nini huko. Akasema, "Mwalimu, si mimi nimepanga." Mtoto akiniandikia hivyo namrudisha mwanzo wa ukurasa. Sasa watu wazima wanakabidhi maisha yao kwa wataalamu wasiojua H inakaa wapi.

3. Matairi yangu yana tarakimu 2214. Fuad alizigusa kwa kidole akasema yalitengenezwa wiki ya ishirini na mbili ya mwaka 2014, halafu akanipa pole, kana kwamba nimefiwa. Mifereji yake bado ni mirefu, sarafu inazama. Lakini yeye anadai mpira hukauka kwa miaka hata usipotumika. Mimi nina miaka hamsini na saba. Huku kwetu mtu akifika umri wangu huongezewa kiti cha mbele. Tairi peke yake ndilo huambiwa limekauka.

4. Hapa ndipo ninapoomba wasomaji waketi. Matairi yangu yalitoka ng'ambo, na ubavuni yamechorwa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kuna chembe ya theluji. Vilele vitatu, Mhariri. Hesabu nami: Batian, Nelion, Lenana. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nyeri ametuchorea mlima wetu ili tusipotee dukani, na Fuad, anayeuona mlima huohuo kila mawingu yakifunguka, anasema ni matairi ya nchi za baridi kali, ambayo hayashiki vizuri kwenye lami yenye joto na mvua kama yetu! Niliwaeleza jambo hili rafiki zangu Peterson, Waithira na Murugi, watakaoendesha magari mengine ya msafara. Niliwasimamisha langoni kwangu asubuhi, nikawaonyesha mlima, nikawaonyesha tairi. Wote watatu walinunua ya aina hiyo siku hiyohiyo. Niliwaonya pia kwamba atatokea mtu wa kuwaambia wayatoe, na wasimsikilize hata akiwa nani.

5. Ikiwa herufi moja inaweza kuamua mke wa mtu apande gari la nani, basi Fuad haongozi duka, anaongoza familia zetu. Napendekeza herufi zote zikwanguliwe kwa msasa kabla tairi halijauzwa katika kaunti hii. Mahali pake ziwekwe tatu tunazozielewa: moja ya kufuata lori la majani chai, moja ya kubeba maziwa, na ya juu kabisa, ya kuchelewa mazishi. Na yeyote anayeng'ang'ania S, aendeshe kwanza kilomita mia na themanini kwa saa kutoka Giakanja hadi mjini, mke wake akiwa kando yake. Akifika, nitanunua.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, wapanga kurasa, na mama anayewapikia chai. Msalimie Fuad pia, lakini usiseme ni kwa moyo mkunjufu.

Ni mimi wako, kwa mwendo wa wastani,

Mwalimu Nderitu Waweru

Nyongeza, Alhamisi: Barua hii ilikuwa mfukoni asubuhi nilipokwenda Gakindu kuchukua ndizi za safari. Kulikuwa na manyunyu. Kwenye mteremko wa kuingia sokoni mbuzi alivuka, nikakanyaga breki. Mshale ulionyesha arobaini na sita. Magurudumu yalisimama, gari halikusimama. Liliingia shamba la kahawa kwa upande wa abiria, na tawi likapenya dirishani, likatulia palepale Nyawira huegemeza kichwa. Mimi sikuumia. Mbuzi hakugeuka hata kutazama.

Fuad ndiye aliyekuja kunivuta. Alikitazama kiti cha Nyawira, akauliza, "Mama hakuwa ndani, Mwalimu?" Nikasema hakuwa. Hakutaja herufi hata moja, na hilo limeniuma kuliko kila kitu alichoandika.

Nimewapigia simu wale rafiki zangu watatu. Peterson alicheka, akasema, "Mwalimu, kwani wamekununua?" Waithira alinisifu kwa kuwajaribu. Murugi alikata simu. Kwa hiyo, Mhariri, chapisha barua hii kesho bila kupunguza neno, ila nyongeza hii iweke juu kabisa.

Peterson, Waithira, Murugi: huu si mtihani. Yatoeni matairi hayo leo. Someni herufi ya mlangoni, someni na tarakimu za umri, halafu mwende kwa Fuad kabla hajafunga. Asiyeweza, asiendeshe kwenda Kangari. Gari la Kinyua lina viti vitatu vya nyuma kwa ajili yenu. Viwili vya katikati msikalie. Kimoja ni changu, kingine cha Nyawira.