Shule Nayo Isomewe Pointi

Uvira, Songo, mwezi wa sita

Kwako Baba Directeur wa shule yetu ya msingi,

Nakusalimia kwa heshima yote, weye na bibi yako Mama Léocadie. Minye ni Sidonie, muuzaji wa vitenge sokoni, mama ya Déborah wa darasa la tano, yule aliyepata asilimia themanini na tatu mwaka jana. Siku ya kusomewa pointi nilimumwagia pudri ya pongezi, kama tunavyofanyia mutoto aliyepita, mpaka pasta aliyesimama pembeni akarudi nyumbani mweupe. Simusifu mutoto wangu. Nakukumbusha tu unasoma barua ya nani.

Shule yenu niliichagua mwenyewe. Wazazi wengine wanaingiza mutoto kwenye mulango wa karibu. Minye nilizunguka Songo yote nikichungulia madirisha, kama vile muteja mwenye akili anavyovuta kitenge kabla ya kununua. Kwa hiyo niko na haki ya kuuliza.

Tangu masomo ya msingi yawe ya bure, kila tukifungua kinywa mnatuambia: mama, nyamaza, serikali ndiyo inalipa. Sasa serikali iko wapi uwanjani tuiulize? Na pesa yake ilitoka mufukoni mwa nani kama si mwetu?

Watoto wetu, kila mwisho wa mwaka, wanasomewa pointi zao mbele ya watu wote, mwerevu na mujinga. Naomba mwaka huu shule nayo isomewe. Ili usichoke, nimekwisha kusahihisha.

1. Hesabu. Katika mukutano ulisema pesa ya serikali ilifika na imetumika. Muzazi mwenzangu Mama Agathe akauliza imetumika kwa nini. Ukajibu: kwa mambo ya shule. Déborah akijibu vile, mwalimu wake Clovis anamupa zero. Minye niko na huruma: mbili juu ya kumi.

2. Kazi ya mikono. Choo cha wasichana kinafungwa na kipande cha shiti. Mulango mupya ulikuja, tuliuona kwa macho, ukaenda ofisini kwako, ambako mulango ulikuwepo tayari. Leo ofisi iko na milango miwili, mumoja umeegemea ukuta unapumzika. Tatu.

3. Mwenendo. Mutoto akichelewa, anapiga magoti. Madawati ya darasa la tano yamechelewa tangu Pasaka, watoto wanaandikia juu ya mapaja, na sijaona muntu hata mumoja amepigishwa magoti. Tatu.

4. Dini. Kila wingu likitoka upande wa ziwa, mnawaomba watoto wasali mvua isiingie darasani. Hapa hakuna anayewashinda: kumi juu ya kumi.

Jumla ni kumi na nane juu ya arobaini, ndiyo asilimia arobaini na tano. Shule imeanguka, Baba. Inaniuma kama mutoto wangu.

Naomba basi siku ya kusoma pointi usimame karibu na bendera, Mama Léocadie pembeni na kopo lake la pudri, na jina la shule liitwe kwa sauti. Mama atarudi na kopo limejaa. Hata sisi wazazi imetufikia, mutoto akianguka. Halafu shule irudilie mwaka, kama muntu yeyote aliyeanguka. Ikianguka tena, kila muzazi achague shule ingine, na sehemu ya pesa ya serikali ya mutoto wake imufuate, hata ikiwa ni chaki nusu. Minye nitakuja na kikapu.

Wasalimie walimu wote, sentineli anayelinda mulango, mama anayefagia, na ile mbuzi ya shule, kama mukutano wa mwisho haukuila.

Ni minye mwenye kukuheshimu,
Sidonie, Mama Déborah

N.B. Bwana yangu Luc amesoma barua hii akaniuliza: Mama Déborah, shule ikirudilia mwaka, nani atakuwa ndani? Kweli sikuwaza. Déborah wangu, na akili yote ile, darasa la tano mara ya pili! Na kumuhamisha hapana, mwalimu Clovis simuachii muntu. Kwa hiyo, Baba, tufanye délibération, kama walimu wanavyomusukuma mutoto aliyekosa kidogo. Nimekuongezea pointi mbili kwa sababu shati yako inapigwa pasi vizuri. Arobaini juu ya arobaini siwezi kukupa, lakini ishirini unazo, ndiyo nusu. Umepita, hongera. Tu Mama Agathe asijue: yeye alikupa tano juu ya arobaini.