Ndoo Haina Presha

Jumatatu, tarehe 9 Machi

...na sikunyamaza! Ningenyamazaje? Mtu anasimama mbele ya uwanja mzima, mkono kiunoni, anasema mimi siwezi kuongoza hata kuku kurudi bandani. Mimi! Nikamwambia Mama Cherehani kuku wangu wanarudi wenyewe, kwa heshima zao, bila kusukumwa. Watu wakacheka. Akanuna. Vizuri sana.

Haya, andika, mkwe, usinitazame. Nesi ndiye aliyesema kila kinachonipandisha presha kiandikwe kila siku. Mimi na kalamu hatujuani, ndiyo maana Mungu akampa mwanangu mke. Andika nilivyosema. Nikitukana, andika pia.

Jambo lenyewe ni hili. Zahanati iko juu ya kilima. Kilima kimenishinda. Mwezi juzi nilifika nusu, nikakaa kwenye jiwe, nikarudi. Mwezi jana hata hilo jiwe sikulifikia. Vidonge vimeisha. Kichwa kinagonga kama kuna mtu ndani anataka kutoka. Na siko peke yangu. Sisi wazee wa uwanja huu, ukikusanya magoti yetu yote hupati jozi moja nzima.

Sasa nesi kasema atashuka na mashine zake kila Jumamosi. Apime presha, apime sukari, atoe dawa hapahapa mlangoni! Lakini anaweza uwanja mmoja tu. Ama wetu, ama wa wale wa ng'ambo ya barabara, wanaojiona. Atachagua ule ambao wakazi wamejipanga wenyewe, wanafanya mazoezi pamoja, mitaro yao inapitisha maji. Jumamosi hii anakuja kutazama. Nikasema nitawapanga mimi. Mama Cherehani akasema yeye. Hapo ndipo kuku walipoingia.

Eti yeye anataka tuanze na sare. Sare! Kwanza kila mtu apimwe kiuno, afya itafuata baadaye. Na mshonaji nani? Sisemi. Andika kwamba sijasema.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimezunguka mlango kwa mlango. Mbinu yangu ni kila nyumba uongo wake. Ukitumia uongo mmoja kwa watu wote unachakaa.

Dereva wa lori, yule tumbo linatangulia, nimemwambia mazoezi yanarudisha nywele. Akashika kichwa, akauliza zinaanzia wapi. Mama wa mapacha nimemwambia mazoezini hairuhusiwi kubeba mtoto. Macho yakamjaa machozi ya furaha. Mjane wa kona nimemwambia dereva wa lori atakuwepo. Nikarudi kwa dereva nikamwambia mjane atakuwepo. Kazi nyepesi kabisa! Sijui kwa nini wenye elimu wanaitisha semina.

Kinyozi alinisumbua. Akasema yeye anasimama kutwa, mazoezi ya nini tena. Nikamtazama. Nikaona upweke, na kioo kikubwa. Nikamwambia nina mpwa wangu, msichana ametulia, anapenda wanaume wenye mapafu. Akauliza anakuja lini. Nikasema upesi.

Sina mpwa. Ndiyo, mkwe, najua kwamba sina mpwa, familia ni yangu. Lakini bomba la uwanja mzima liko ubavuni mwa kinyozi, na ufunguo wa kufuli lake uko mfukoni mwake. Mtu kama huyo humwachi hivihivi.

Wote wamekubali. Alhamisi asubuhi, foleni moja, mbele ya bomba. Tutakuwepo, bibi. Usiwe na wasiwasi, bibi.

Jioni nasikia Mama Cherehani amepita nyuma yangu akisema kuruka kunashusha tumbo la uzazi. Nikarudi nyumba zote. Hata kwa wanaume ilibidi nieleze.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimelala. Uongo unachosha.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Aibu! Aibu ya kuvuliwa nguo sokoni!

Nimeamka na jogoo. Nimepaka magoti mafuta. Nimevaa raba za mwanangu, nimezijaza matambara mbele zisinikimbie. Natoka nje, kiza bado, na macho yangu unayajua. Naona nini? Uwanja umejaa! Foleni imenyooka kama uzi, kutoka bombani mpaka kwa fundi redio. Nikalia kidogo. Nikasema kumbe watu wananipenda.

Nikatoa hotuba. Nikawaambia moyo ni kama mtoto, usipoutembeza unanuna. Nikawaambia wapunguze chumvi. Kimya. Adabu ya ajabu! Nikawaambia wanyooshe mikono juu. Hakuna mkono. Nikarudia kwa upole. Hakuna. Basi nikamsogelea mmoja, mfupi, mnene, wa bluu, nikamgonga begani kumwamsha.

Akalia kama ndoo.

Ndoo, mkwe! Zote! Ndoo, madumu, na beseni moja lina ufa. Nimehutubia vyombo!

Na siwezi hata kuwalaumu, hapo ndipo panaponiuma. Wewe umeolewa hapa, unajua. Hapa kwetu ndoo ni mtu. Ukiweka ndoo yako foleni, wewe uko foleni. Nenda kalale, nenda kazini, nenda kazae, ndoo inakusimamia na hakuna wa kuisogeza. Mimi mwenyewe nimewahi kwenda msibani, nikarudi kesho yake, nafasi yangu ipo. Sasa nimewaambia foleni asubuhi, watu wazima wakafanya kama wanavyofanya siku zote. Wakaweka ndoo wakarudi kulala! Dereva nilipomgongea alishangaa. Akasema mbona amehudhuria, bibi, ile nyekundu.

Nikamwambia ndoo haina presha! Haina sukari! Haina tumbo!

Nani alikuwa dirishani? Yeye. Futi ya kupimia shingoni, anacheka mpaka anashikilia ukingo. Akapaza sauti uwanja usikie, eti hongera mwenyekiti, wanachama wako hakuna hata mmoja mwenye kelele. Na ndoo yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kabisa! Imefungwa utepe wa kijani kwenye mshikio. Hata ndoo yake inajisikia.

Na ng'ambo ya barabara? Wanaruka. Nimewaona. Wana mpaka mtu wa kuhesabu. Nesi akiwaona wale, mimi nimebaki na kilima changu na jiwe langu.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nimepata! Nimepata nikiwa najisugua miguu. Povu likaruka mpaka ukutani.

Sikiliza. Ndoo inaweza kusimama. Kusimama inajua kuliko sisi. Je, inaweza kutembea?

Haiwezi!

Basi kesho foleni itatembea. Kinyozi atafunga bomba, atashika ufunguo juu kila mtu auone, ataanza kuzunguka nyumba zetu. Foleni nyuma yake. Atakayekuwa nyuma yake kinyozi akisimama ndiye wa kwanza kuchota. Ukileta ndoo bila mwenyewe, ndoo itabaki palepale na upepo wake.

Kinyozi kagoma. Akasema watu watamuua. Nikamwambia mpwa wangu anapenda sana mwanamume jasiri. Akauliza ana umri gani huyo mpwa. Nikamuuliza yeye angependa awe na umri gani. Akataja. Nikasema subhana, ni huohuo! Akakubali. Hata akinyoa wateja waliobaki alikuwa anaimba.

Mkwe umeacha kuandika. Unacheka nini? Presha yangu inapanda hapa.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Lo! Lo, lo, lo! Kaa vizuri, chukua karatasi ya kutosha.

Asubuhi ndoo zimejipanga kama kawaida. Kinyozi akatoka, kajipaka manukato, akainua ufunguo, akapiga kelele sauti ikikatika: foleni inaondoka! Akaondoka kweli. Mimi nyuma yake na kidumu changu. Kwa muda tulikuwa wawili tu, tunaonekana kama wendawazimu waliotoroshana.

Kisha dirisha moja likafunguka. Mtu akauliza inaondoka inakwenda wapi. Nikajibu ndiyo hivyo, na nafasi ya pili iko wazi!

Mama yangu! Milango! Dereva katoka na taulo, mama wa mapacha kaacha mapacha kwa baba yao, mjane kavaa viatu viwili visivyofanana. Kila mtu ananyakua ndoo yake anaingia mstarini. Matusi yalikuwa mengi, ila walikuwa wanatembea. Tumezunguka nyumba zote. Hakuna aliyetoka, maana ukitoka jirani anachukua nafasi yako, na hapa mtu atakusamehe yote ila hilo.

Mama Cherehani kaweka ngumu. Ndoo yake ya utepe ilikuwa ya kwanza tangu alfajiri, na ya kwanza itabaki. Ikabaki! Peke yake, katikati ya uwanja, kama yatima. Alipoona tunapita mara ya pili bila yeye, uvumilivu ukamwishia. Akainyakua, akaja mbio, futi inapepea, ananipita! Ananipita mimi! Nikampita. Akanipita. Kinyozi kageuka, kaona vikongwe wawili wanamjia na vyombo, akatimua. Uwanja mzima ukatimua nyuma yetu.

Sasa nesi ndio anashuka kilimani. Anaona nini? Mtaa mzima unakimbia na ndoo. Maskini akapiga ukunga: moto!

Nani atauliza moto uko wapi? Tukakimbia zaidi! Kinyozi akafungua bomba lote, watu wakachota wakamwaga popote, kwenye kuta, kwenye ngazi, kwa dereva wa lori. Mengi yaliishia mtaroni. Ule mtaro ulioziba miaka ukabweka kama mbwa, ukatema kiatu, ukatema sufuria, maji yakapita. Nesi naye kashaokota ndoo ya utepe iliyoangushwa na kumwaga yake.

Hakuna moto. Tulipojua, tulikaa chini kwenye matope tukacheka. Fundi redio alicheka akiwa amelala chali. Mjane alikuwa anamkausha dereva kichwa, taratibu, kama kuna nywele.

Nesi akasema tangu aanze kazi hajaona wakazi waliojituma hivi, mbio na mtaro kwa pamoja. Akauliza nani kawapanga. Mimi na Mama Cherehani tukainua mikono. Nikajiandaa kwa vita. Lakini yule mwanamke akanitazama nilivyokuwa nahema, akashusha wake. Akasema ni bibi huyu, mimi nilikuwa namkimbiza tu. Hiyo tu inatosha kuniua.

Atakuja kwetu! Kila Jumamosi! Akafungua mkoba hapohapo akaanza na mimi. Mashine ikabana mkono, ikapiga kelele. Nesi akaitazama, akanitazama, akauliza leo nimekula nini, betri? Kanipa vidonge mkononi. Bila kilima. Nimevishika pajani nikakaribia kulia. Andika nimekaribia tu.

Kisha akaniua. Nipumzike ndani. Nisikimbie, nisipige kelele, nisiongoze mtu yeyote mpaka presha ishuke. Uenyekiti ashike Mama Cherehani.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Nimetulia. Nimelala chali kama mkeka. Nimemeza kidonge. Sisemi kitu.

Ila nimefikiri. Nesi Jumamosi anapima mkono tu, sivyo? Hatazami uso, anatazama kale kasaa kake. Sasa wewe, mkwe, una mkono mzuri, umetulia, hauna historia. Tukikaa mimi na wewe nyuma ya pazia, mimi natoa kichwa, wewe unatoa mkono, presha inashuka siku hiyohiyo na uenyekiti unarudi. Unatikisa kichwa cha nini? Mashine haiumi! Inabana kidogo tu.

Halafu kuna hili la mpwa. Kinyozi kaja asubuhi na shati jipya. Nimemwambia mpwa yuko njiani. Una mdogo wako, wewe? Nauliza tu. Umri uwe huohuo aliotaja.

Kuna kelele nje. Unasikia? Foleni imegongana kwenye kona, wengine wanataka kuzungukia kulia, wengine kushoto. Mama Cherehani anawaambia wasimame, wanamwuliza na sare ziko wapi. Hahaha! Nyamaza, nisikilize. Ananiita. Ananiita mimi! Bibi weee, njoo uwaambie hawa watu wako!

Nesi alisema nini tena? Aah, alisema mbele ya watu, yale ni ya kusemwa mbele ya watu.

Naja, mama! Wasisogee! Mkwe, weka kalamu, nipe mtandio wangu. Siyo huo. Ule wa uenyekiti.