Tairi za Meno kwa Gari la Raya

Jumapili, 3 Desemba
Nimeamua. Tairi mpya!

Gari la marehemu mke wangu, Raya, limesimama uani tangu Ramadhani likila vumbi. Jeupe, viti vya ngozi, friji ndogo katikati, magurudumu yote manne yanavuta. Ijumaa ndugu zake wanakwenda mchangani kupiga kambi ya majira ya baridi, kama kila mwaka. Desturi yao ni moja: gari la kwanza kuvuka kilima kikubwa ndilo linalochagua pa kusimamisha hema. Wengine hufuata bila ubishi.

Miaka yote tulikuwa wa kwanza. Raya akiendesha pekupeku, mimi nikimimina kahawa. Alichagua daima kijibonde kile kile nyuma ya kilima, ambako jua huchelewa kufika asubuhi. Alipenda usingizi.

Sasa Mutasim, kaka yake, ameanza kusemasema kwamba karibu na lami simu hushika vizuri. Simu! Raya hajamaliza mwaka kaburini na yeye anawaza simu. Lazima nifike wa kwanza mimi. Kweli sijawahi kuendesha mchangani, lakini hilo dogo. Kazi hufanywa na gari.

Jumatatu, 4 Desemba
Mjini Ibra, dukani kwa Biju muuza tairi. Nimemweleza nataka kitu cha jangwani, chenye heshima ya gari. Akasema nimefika. Nikamwonyesha zile za matope, za meno makubwa kama ya trekta. Akasema meno ndiyo mambo yote, bwana Hilal. Nikasita, nikasema labda zile laini zenye mbavu nyororo. Akasema kweli kabisa, meno ya nini? Nikarudi kwenye meno. Akarudi nami. Mtu mwenye msimamo, Biju.

Nimechukua za meno. Zinatisha! Gari limepanda juu hata sioni paka anapopita mbele. Zinakwaruza madigadi kidogo nikikata kona. Biju anasema hiyo ni sauti ya nguvu.

Zile za zamani za Raya, zilizokwisha hadi kuwa kipara, nimeziacha dukani. Kwenye mfereji uliobaki wa tairi moja kulikuwa na kokwa ya tende imenasa. Nimeibandua na kuitia mfukoni. Sijui kwa nini.

Jumatano, 6 Desemba
Nimepeleka gari kwa mama mkwe, Bi Thuraya, alione. Mutasim alikuwepo, kwa bahati mbaya. Akalizunguka polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akauliza, shemeji, tunakwenda kambini au unakwenda kulima? Binamu zake wakacheka hadi wakamwaga kahawa. Nikajibu kwamba wivu haujazwi upepo. Nimeona limemwingia.

Bi Thuraya alipanda kwa kigoda cha jikoni, akakaa kiti cha mbele na kusema huku juu kuna baridi. Kisha akaupapasa mkono wa kiti, pale Raya alipokuwa akiegemeza kiwiko.   Ameahidi kusafiri na mimi Ijumaa. Ushindi!

Jioni Biju amenipigia simu. Mutasim amezichukua zile kipara, amezifunga kwenye gari lake! Eti amesema ni za dada yake. Bahili asiye na mfano. Nimecheka peke yangu jikoni.

Hila yangu ni hii. Pale Bidiya, lami inapoishia, kila mtu husimama, huchuchumaa na kupunguza upepo kwenye tairi, eti zisizame mchangani. Halafu kahawa, halafu tende, halafu porojo. Nusu asubuhi inakwisha. Mimi sitapunguza. Tairi mpya, ngumu, zimejaa vizuri: kwa nini nizilegeze kama shavu la mzee? Wao wakichuchumaa, mimi nitapita!

Ijumaa, 8 Desemba
Nimepita.

Wote wamechuchumaa, tsss tsss kila upande. Mutasim akanipungia mkono nisimame. Nikampungia nami, kwa adabu, nikakanyaga mafuta. Bi Thuraya pembeni, sahani ya tende mapajani. Gari likanguruma, likaruka, nikamwona Mutasim kwenye kioo akiwa mdogo kama mende. Raha iliyoje!

Kisha mende akaacha kupungua.

Meno yale yanachimba. Hilo lazima nilikubali: yanachimba vizuri sana. Nilivyozidi kukanyaga ndivyo tulivyozidi kushuka, kwa heshima, kama lifti. Mchanga ulipofika mlangoni, Bi Thuraya akaangalia dirishani na kusema walau sasa hatahitaji kigoda.

Tulikuwa karibu nao kiasi kwamba harufu ya kahawa yao ilitufikia. Binamu wakakaa kwenye mkeka kutuangalia. Mmoja akapaza sauti, akauliza kama nimeanza kupanda mtama au bado nalima.

Mutasim akaja taratibu kwa tairi kipara zilizolegea kama chapati. Hakuzama. Akafunga kamba, akanivuta, akanipunguzia upepo mwenyewe bila neno. Ningependa atukane. Kisha akatangulia, akavuka kilima bila kusita, wa kwanza. Nikajua kwamba yamekwisha. Atatugeuza tukalale kando ya lami.

Nikafuata kwenye alama zake. Nilipofika juu nikaangalia chini. Mutasim alikuwa ameshaanza kupigilia vigingi. Kwenye kijibonde cha Raya.

Jumamosi, 9 Desemba
Jua limechelewa kufika. Wote wamelala, isipokuwa mimi na Mutasim, tulioamka na kukaa karibu na moto. Nikamwuliza, na simu je? Akasema alikuwa anazungumzia simu tu, nani alisema tuhame? Akaniuliza kama nilidhani angempeleka mama yake pengine mwaka huu. Kisha akachochea moto kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Akasema Raya alipokuwa mdogo, hapa hapa, alikuwa akimwamsha kwa kumtia mchanga sikioni. Nikasema hata mimi alinifanyia. Tukacheka kidogo.

Bi Thuraya alipoamka aliniita pembeni. Akaniambia, mwanangu, zilikuwa tairi zile zile miaka yote, na gari lile lile. Aliyekuwa akifika wa kwanza ni binti yangu. Akanishika mkono.

Maskini. Msiba unamchanganya. Nikamwitikia, ndiyo mama.

Jumapili, 10 Desemba
Nimefika Ibra asubuhi na mapema, kabla Biju hajamaliza kufungua. Nimemweleza kila kitu kwa utulivu. Tumekubaliana kwamba kosa halikuwa meno. Kosa lilikuwa udogo wake.

Ameniagizia kubwa zaidi. Zikija, itabidi madigadi yakatwe na gari liinuliwe. Mama mkwe nitamtafutia ngazi, ile ya kukunja. Mutasim hajui lolote, na mwakani nitamtangulia mbali sana, nikasimamishe hema kijibondeni, pale pale anapotaka yeye. Aone mwenyewe!