Shindano la Kuchora Lebo ya Bi Povu

Jumatatu, 3 Machi

Bi Povu wangu,

Meneja wa duka kubwa amenusa sabuni yako, akafumba macho kwa utamu. Kisha akayafumbua na kuharibu kila kitu. Eti bila lebo nzuri haipandi rafuni! Nimpelekee ikiwa na lebo Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafasi anampa kaka yako. Shemeji! Aliyekuwa akisema sabuni yako ni ya kufulia magunia! Leo naye anapika.

Wewe uliifunga kwa karatasi ya kaki na uzi, ukakata uzi kwa meno. Ilitosha. Tangu uondoke duniani napika kwa vipimo vyako vilevile. Ikikosa rafu, sijui nitakuwa nawasha jiko kwa ajili ya nini. Natafuta dizaina.

Jumanne, 4 Machi

Madizaina wazuri wapo, ila wanapenda kulipwa. Nimepata akili. Nimetangaza shindano! Zawadi: heshima. Amesaini Mkurugenzi, na chini yake Katibu wa Mkurugenzi. Wote ni mimi. Nitachukua herufi za huyu, rangi za yule, maua ya mwingine. Gharama, sifuri.

Mchana akapiga simu dizaina mmoja, mwanamke. Nikabana pua, nikawa Katibu. Akauliza sabuni ina nini, alianza nani kuipika, wanunuzi ni akina nani. Maswali kama ya posa! Akaomba aongee na Mkurugenzi. Nikashusha sauti, nikakohoa kidogo. Akasema yeye hashindani, anafanya kazi. Halafu akatupa pole: eti mafua ya Katibu yamempata na Mkurugenzi, tunywe tangawizi wote wawili.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi zimefika! Wa kwanza herufi zake zimejikunja kama utumbo wa mbuzi. Wa pili kachora samaki. Nilipomuuliza samaki wa nini, akajibu kwamba kuna mteja alimkataa, naye hakutaka apotee bure. Wa tatu kaleta mwanamke anacheka ndani ya povu, meno thelathini na mbili yote nje. Mshindi!

Nimeunganisha. Mwanamke katikati, utumbo juu, samaki pembeni. Nimechapisha rundo zima.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapita kunitambia. Katoa sabuni yake mfukoni. Mwanamke yuleyule! Meno yaleyale! Mshindi wangu kumbe aliokota picha mtandaoni, akatupelekea sote wawili, heshima akala mara mbili. Shemeji akacheka mpaka akatafuta kiti. Eti kwanza nilimchukulia dada, sasa namchukulia na mke wa kwenye lebo!

Alipomwona samaki, ikabidi nimletee maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemeza kiburi, nimekwenda kwa yule wa tangawizi. Chumba kidogo juu ya duka la fundi viatu. Karatasi za rangi zimebandikwa ukutani, ndoo inakinga bomba linalovuja. Na dirishani, Bi Povu, kipande cha sabuni yako! Alikuwa akinunua kwako tangu yuko shule.

Akakigeuza, akanionyesha kibonyeo katikati. Kila kipande anachokumbuka kilikuwa nacho. Nikamweleza: ulikuwa ukibonyeza kwa kidole gumba kujua kama imepoa. Mimi nilidhani ni dosari. Vyangu huwa navisawazisha kwa kisu. Akaniangalia kwa huruma, akasema ataanzia hapo hapo.

Nikaomba maua. Akasema, "Baba, maua yana sabuni zao."

Tumeelewana bei. Sharti lake moja tu: nisiongeze kitu. Nimeapa.

Alhamisi, 13 Machi

Lebo imefika. Karatasi ya kaki, ileile yako. Jina lako kwa herufi ndogo. Juu yake kibonyeo kimoja, hakina wino, kimegandamizwa tu kwenye karatasi. Basi! Nilishafungua mdomo kulalamika.

Nikaweka kidole gumba. Kikaingia ulipokuwa umeweka chako.

Nilikaa hivyo hadi chai ikapoa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: binti huyu ana jicho. Hakuwahi kuingia jikoni kwako hata siku moja, lakini alikuona.

Ijumaa, 14 Machi

Meneja kaipapasa, katuonyesha rafu. Usawa wa macho! Shemeji, aliyekuja na sabuni yake, naye kaweka kidole chake, kageukia ukuta. Baadaye akasema dada alikuwa na dole kubwa. Sabuni yake imewekwa chini, karibu na mifagio. Leo sikumcheka. Nitamcheka kesho.

Sasa duka linataka katoni ya kubebea. Kumsumbua tena binti wa watu kwa katoni? Hapana. Nimetangaza shindano! Katibu amemwandikia na yeye, akaribie kushiriki kama wengine. Amejibu haraka: ametuma tangawizi, mafungu mawili.

Yule samaki bado ninaye. Kwenye katoni nafasi ni tele.

Bi Povu, huko uliko, nikumbuke.