Daktari wa Prosesa

Mjini kuna wanaokula kwa jasho na wanaokula kwa ulimi. Yule waliyemwita Daktari alikuwa wa kundi la pili, na ulimi wake haukujua likizo. Siku hiyo alipita kwenye duka la mama mshonaji, akaona simu ya bei mbaya imewekwa juu ya kitambaa kisipeperuke. Roho yake ikacheza.

"Shikamoo, mama. Na pole."

"Marahaba. Pole ya nini tena, mwanangu?"

"Ya simu. Hii haipati tena masasisho."

"Ndiyo nini hayo?"

"Apdeti, mama. Kampuni imeitupa mkono. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya kifalme, sikatai, lakini mfalme asiye na walinzi ni nani? Jumatatu inazima."

Akatoa mkobani simu inayong'aa. "Hii ina prosesa mpya, na apdeti za miaka saba. Tubadilishane tu, kwa vile umefanana na mama yangu mdogo."

Prosesa yenyewe, msomaji, ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ile ambayo ukiipa kazi mbili kwa pamoja huanza kuugua.

Mama alikunja uso. Ndani ya simu yake kulikuwa na vipimo vya bibi harusi na wapambe wake sita, na harusi ni Jumamosi.

"Na vipimo vyangu?"

"Weka akaunti yako humu, vitakufuata vyenyewe."

"Kwenye ile ya zamani niitoe?"

Daktari alitamani kusema ndiyo, tena kwa sauti, maana akaunti ikibaki, mwenyewe anaweza kuisaka simu yake. Lakini ukishatangaza kwamba simu imekufa, utamwombaje mwenyewe funguo zake?

"Ya nini, mama? Maiti havuliwi viatu." Akacheka, akaitia simu ya mama mfukoni, akaaga, akavuka barabara.

Vipimo havikufuata. Mama alibonyeza, akangoja, akabonyeza. Simu ikapata joto la kunyoosha kola. Akaingia kwenye mipangilio kuitafuta hiyo apdeti. Jibu lilikuja kwa kujikokota: simu hii iliacha kupata masasisho miaka mitatu iliyopita.

"Mwizi we!" alipiga kelele, pini zikamtoka mdomoni. Jumamosi ilikuwa inakuja mbio. Akafungua sehemu ya kutafuta simu iliyopotea, akaandika ujumbe, akabonyeza iite kwa nguvu. Simu ikazunguka. Ikazunguka tena. Mama aliilaani prosesa ile kwa kila jina, asijue kwamba uvivu wake ulikuwa unamfanyia kazi nzuri.

Maana dakika zile Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi ng'ambo ya barabara, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, akiwahubiria wanaume waliokuwa wakingoja zamu.

"Ndugu zangu, simu zenu zote za bei mbaya zinakwenda kufa. Mfano huu hapa!" Akainua simu ya mama. "Hii ni maiti. Haina apdeti, haina uhai, haina..."

Maiti ikalia. Ililia mpaka vioo vikatikisika. Kinyozi akainama, akausoma ujumbe kwa sauti: "Mimi ni simu ya mama mshonaji. Aliyenishika ni tapeli."

Mama mwenyewe aliingia akifuata mlio, mkasi mkononi, amesahau kuuweka chini.

"Mama, kumbe imefufuka!" alisema Daktari.

"Imefufuka. Sasa ni zamu yako kufa. Lete!"

Akaleta. Mama alifungua vipimo, akahesabu wapambe mmoja mmoja, kisha akaketi kwenye benchi machozi yakimtoka. "Kiuno cha bibi harusi kipo," alisema, na wanaume wote, ambao hawakumjua bibi harusi wala kiuno chake, wakashangilia kwa nguvu.

Katika shangwe hiyo Daktari alichomoka na shuka lake, mkoba akauacha. Ndani mlikuwa na simu tano za watu, na kinyozi akaanza kuwapigia wenyewe. Baada ya hapo akawapigia vinyozi wenzake wote wa mjini. Vinyozi ni ndugu: hakuna hata mmoja aliyekubali kumalizia kile kichwa.